Vumbi Jeupe la Adu

Shella, Malindi. Jumanne, Julai 1985.

Mvua inanyesha tangu juzi, ua mzima ni tope. Basi nauliza, vumbi limetoka wapi?

Kila Jumanne Kadzo huniletea nyanya kutoka shambani kwake Adu. Huu ni mwaka wa tatu, na hajawahi kuondoka bila kunywa chai. Leo nyanya zake zilikuwa nzuri ajabu, nyekundu zote, ila zina ungaunga mweupe karibu na kikonyo. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni vumbi la njiani.

Vumbi la Adu ni jekundu.

Nilikata nyanya moja, nikaitia chumvi, nikamsogezea kama ada yetu. Akasema jino lamuuma. Jino! Na mahamri matatu kayamaliza mbele ya macho yangu. Mtu akikataa kula alichokilima mwenyewe, mimi silali. Nikambana.

"Ni dawa, Mama Salma," akasema mwishowe, kainamisha kichwa. "Ile ya kupulizia pamba."

Dawa! Hata sumu tumeipa jina la kuponya. Hasira zikanipanda. Nikamuuliza mbona hakuniambia, naye ajua nina mjukuu wa miezi saba ndio kwanza anaanza kula.

"Si wewe ulinirudishia kikapu kizima kwa tundu moja la mdudu? Mbele ya watu?"

Ni kweli. Tena alipokwenda zake nilibaki nikimcheka na majirani. Kumbe nyanya wanazokula wanawe hazipuliziwi dawa. Ziko nyuma ya jiko lake, zimetobolewa na wadudu.

Nikamwambia wiki ijayo aniletee hizo. Akanitazama kwa shaka, kama anayetegewa mtego. Simlaumu.

Lakini za wiki iliyopita je? Nazo hazikuwa na doa. Nilizisifu, nikamsagia mjukuu wangu Rukia, nikamlisha kwa mkono wangu huu. Leo amecheka, amenyonya, hana homa. Hata hivyo kila akipiga chafya moyo wangu waruka, na mama yake, mwanangu Salma, sijamwambia. Naogopa atakavyonitazama.

Mdudu alizikataa. Mimi nikampa mtoto.

Kesho asubuhi nitamwambia Salma, liwalo na liwe. Na Jumanne Kadzo akija nitazigeuza nyanya moja moja mlangoni, mbele ya majirani wale wale. Isiyo na tundu siipokei.