Mashine ya Mkurugenzi

Jumanne, 4 Machi

Mashine imefika. Imekaa juu ya meza ya chakula, mdomo wazi, na sisi tutakula mapajani kama wagonjwa. Mume wangu anaizunguka akiipangusa vumbi ambalo halipo. Tangu kiwanda kimpunguze kazini alikuwa hatoki kitandani mpaka jua liwe kali. Leo kaamka kabla yangu, kanyoa na ndevu. Basi naye nimempandisha cheo. Mkurugenzi.

Kanieleza kwa kirefu. Unachapa picha kwenye karatasi kwa printa yake ndogo na wino maalumu, unailaza juu ya fulana, unabana kwa joto, wino unageuka mvuke na kuingia kwenye kitambaa. Haya. Kajifunza kwenye simu, kwa kijana mmoja anayepayuka kama yuko mnadani.

Anataka fulana za polista, kitambaa cha nyuzi za plastiki. Nikamwambia wauguzi wenzangu hawavai plastiki, fulana ni pamba. Maana oda yake ya kwanza ni ya wodini kwetu — fulana za kumuaga Metroni, mkuu wetu wa wauguzi anayestaafu, sura yake kifuani. Kaipata kwa kumpigia mwenzangu wa zamu bila kuniambia! Litakalochekwa ni jina langu, si lake.

Akaenda kununua fulana za pamba.

Alhamisi, 6 Machi

Amechapa karatasi mbili. Nimecheka hadi nimekaa chini. Rangi imepauka kama maji ya kudekia, na Metroni kageuzwa: kidoti chake cha shavu la kushoto kimehamia kulia. Mkurugenzi anasema ndivyo inavyotakiwa, karatasi hubeba picha kinyume, na rangi huamka ikipata joto. Rangi huamka. Mwenyewe ndiye aliyekuwa haamki.

Akabana fulana ya kwanza. Sikatai, alikuwa Metroni, ila Metroni aliyetoka kulazwa. Akanitazama. "Unaonaje?" Nikaichukua nikaitia kwenye beseni la sabuni, mbele ya macho yake. Nilipoisuuza, mama wa watu hakuwepo. Kilibaki kivuli cha miwani.

"Ndiyo maana nilisema polista, wino huu haushiki pamba," akasema, taratibu.

Nikamwambia visingizio akamuuzie yule kijana wa kwenye simu. Akatoka kibarazani. Karatasi ya pili kaiacha humo humo kwenye mashine.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewaambia wodini oda imekufa. Mashine mbovu, nimesema, mnunulieni Metroni saa ya ukutani. Mwenzangu wa zamu kanipa pole kwa sauti ile tunayowapa wafiwa. Aibu imenishika mpaka masikio yakawaka moto.

Nilipomweleza Mkurugenzi, hakubisha. Afadhali angebisha. Kafunika mashine kwa shuka akaenda kulala, na jua bado linawaka.

Jumamosi, 8 Machi

Hakunyoa.

Kampata wa kuinunua, fundi wa mabango, anakuja kesho asubuhi. "Ulisema kweli," kaniambia. "Mimi mtu wa kiwandani, haya mambo si yangu." Nilidhani siku nikiyasikia maneno hayo nitafurahi. Sikufurahi. Angalau tutakula mezani.

Jumapili, 9 Machi

Naandika chumbani, mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Nina zamu mchana, na Metroni yupo, ndiyo siku yake ya mwisho. Pasi imekufa. Nikasema basi, dude hili lifanye kazi moja ya maana kabla halijaondoka. Mkurugenzi alikuwa bafuni. Nikafunua shuka, nikawasha, nikasubiri moto ukolee. Ile karatasi ya pili ilikuwa humo, imepauka vilevile. Nikaona itanizuilia uchafu. Nikatandaza gauni langu jeupe la kazi juu yake, mgongo ukiwa chini, nikabana.

Nilipolinyanyua — Metroni. Mgongo mzima. Midomo myekundu, miwani inang'aa, kidoti kwenye shavu la kushoto, pale pale Mungu alipokiweka. Unaweza kumwamkia.

Nimemsugua kwa sabuni. Kwa dawa ya madoa. Kwa brashi ya viatu. Hatoki. Ndiyo kwanza anapendeza. Nikatazama lebo ya shingoni: polista tupu. Miaka yote hii navaa plastiki, nikijitapa.

Gauni la pili liko kwenye kamba, linachuruzika maji.

Fundi wa mabango kafika, nawasikia sebuleni. Anaiponda mashine ili apunguziwe bei: mara imechakaa, mara haibani sawasawa. Mume wangu anaitikia tu. Ndiyo. Ndiyo. Hata kasoro ambazo haina. Sauti yenyewe ni ile ya siku za kulala, ile niliyokuwa nikiiogopa, na safari hii nimemrudishia mimi.

"Rangi inashika lakini?" fundi anauliza.

"Haishiki," anajibu mume wangu.

Mwongo.

Anagonga mlango. "Mke wangu, waya wa printa umeuona?" Waya niliuchomoa nikaja nao huku. Nimeukalia.

Gauni nimeshalivaa. Limelowa, linanigandia, Metroni yuko mgongoni kama mtoto. Nikitoka hivi nitamgeuzia mgeni mgongo, na mume wangu atajua nani alikosea tangu Jumanne. Atanicheka. Sijui lini alicheka mara ya mwisho humu ndani.

Anagonga tena. "Mke wangu? Mgeni anataka kuondoka nayo."

Ufunguo ninao, mkono wa kushoto.