Diwani Wetu na Meya Wake

Zawadi wetu amechaguliwa kuwa diwani huko Norwei! Kaa chini kwanza, Rehema mdogo wangu, ndipo nikusalimu. Hamjambo? Mimi mzima hapa London kwa mwanangu Juma, ila baridi inanitafuna masikio.

Wilaya ya Zawadi ni milima na maji, kondoo wengi kuliko watu. Zamani zilikuwa wilaya mbili, zikaunganishwa, na mpaka leo wanagombania shule ijengwe upande gani. Mwanangu ndiye atakayewaamua!

Jumapili alikuja kunisalimu pamoja na meya wao. Nikajaza nyumba wageni, tukapiga vigelegele mpaka jirani Mzungu akachungulia. Zawadi akaingia, nyuma yake mzee wa sweta kuukuu kabeba mabegi yote. Nikamwambia Juma, "Mpeleke dereva jikoni, akale huko." Tukakaa kumngojea meya. Zawadi akaninong'oneza, "Mama, meya umemweka wapi?"

Nami nilitaka kumwalika kwetu Muheza! Nikakimbilia jikoni, nikamkuta kakunja mikono ya sweta, anaosha masufuria! "Mheshimiwa, nisamehe, na karibu kwetu Muheza." Akacheka, akasema neno. Zawadi akatafsiri: "Anasema, Mama, kama na huko kwenu kuna wali huu wa nazi, anakuja."

Nawakumbatia wote, hata yule shemeji yako aliyenicheka nikisomesha binti. Mwambie yeye kwanza: tunampokea meya Muheza, Jumamosi ya kwanza baada ya Mwaka Mpya.