Majaketi Yaliyosubiri Mgeni Rasmi
Kumbukumbu ya Mzee Chediel Mughwai, mwanzilishi wa klabu ya makasia, Ziwa Singidani

Mwaka umetimia, Baba, tangu ziwa likuchukue kutoka kwetu. Mimi Damari, binti yako wa kwanza, naandika kwa niaba ya familia. Ulitufundisha kuongea kwa adabu. Leo utatuvumilia.

Miaka ishirini iliyopita ulirudi kutoka Mwanza, ulikokuwa fundi seremala, ukaanza kuunda mtumbwi wa mbio hapa uani. Jirani yetu Hosea alikuwa anachungulia juu ya ua na kuuliza, "Mughwai, gharika inakuja lini?" Ulicheka naye. Mwezi wa tatu alikuwa wa kwanza kukaa kwenye benchi lake, kasia mkononi.

Klabu ilianza hivyo, na watu watano wakulima wa mtama, hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Uliwaweka majini hadi kiunoni wiki nne kabla hawajagusa kasia. Uliwahesabia mapigo kwa Kinyaturu, lugha yao ya nyumbani, ili wasikuangalie midomo. Watu wa kanisani walikuja, watu wa msikitini walikuja, na baadaye wanawake wakadai mtumbwi wao, ukawaundia.

Ulikuwa mpole kupita kiasi. Chai yako ilipoa kila siku kwa sababu mtu alikuja na kasia lililopasuka. Ulipiga msasa huku ukimuuliza habari za mama yake, za ng'ombe wake, za mtihani wa mwanawe. Hukuwahi kumfukuza mtu.

Sasa tuseme yale ambayo klabu haisemi.

Kwenye ubao wao mpya wa historia, pale mlangoni, wameandika kwamba ulifariki "kutokana na upepo mkali". Upepo! Singida ina upepo tangu tuzaliwe. Asubuhi ile ya mashindano ya mwaka jana, majaketi ya kuokolea kumi na mawili yalikuwa stoo, mapya, ndani ya nailoni, hatua thelathini kutoka majini. Ulimwomba mwenyekiti Emilian ayatoe, vijana wafanye mazoezi wakiwa wameyavaa. Tulikuwepo, tulisikia.

"Mzee wangu, hayajakabidhiwa," alikujibu. "Mgeni rasmi yuko njiani, keshafika Issuna. Tukiyavaa sasa, picha zitakuwaje?"

"Maji hayamsubiri mgeni rasmi, Emilian."

"Saa moja tu, mzee."

Ukanyamaza. Hilo ndilo linalotuuma, na tunakuambia wewe mwenyewe: tumekukasirikia, Baba. Mlango wa stoo uliutengeneza kwa mikono yako. Ungeweza kuung'oa kwa dakika mbili. Lakini mwenyekiti ni mwenyekiti, na wewe hukutaka kumwaibisha mbele ya vijana.

Mtumbwi wa vijana sita ulipopinduka, ulisukuma mtumbwi mdogo ukaenda peke yako, na miaka yako sitini na minne, bila jaketi. Wanne uliwakuta wameshikilia mtumbwi wao. Magreth na Gasto walikuwa wamesukumwa mbali, ukajirusha ukawafuata, ukawafikisha kwenye mtumbwi wako mmoja mmoja. Wote sita wako hai. Wewe ulizama, ukatolewa saa tisa alasiri, na ufunguo wa stoo ulikuwa bado mfukoni mwa Emilian.

Majaketi yalikabidhiwa msibani. Siku ya tatu, chini ya turubai letu, mgeni rasmi alikuja nayo. Mama alishikishwa moja, akaambiwa aangalie kamera. Kisha yakarudishwa stoo, ndani ya nailoni zile zile, eti yasichakae. Mwaka mzima vijana wamepiga kasia bila majaketi.

Wiki iliyopita tulipata mwaliko. Jumamosi hii klabu inatimiza miaka ishirini, familia ipokee cheti cha heshima. Mama alikwenda kwa Emilian na ombi moja tu, vijana wavae majaketi kuanzia siku ile. Akajibiwa asubiri Jumamosi, kuna mgeni rasmi.

Mama alikwenda moja kwa moja stoo. Alifungua khanga, akatoa nyundo yako, akang'oa bawaba zote mbili. Alichana nailoni kwa meno, akawavalisha vijana mmoja mmoja na kuwafunga kamba kifuani kama watoto wanaokwenda shule. Emilian alisimama pembeni akisema, "Mama, utaratibu, utaratibu." Jana alileta barua ya kututaka turudishe mlango.

Hatutaurudisha. Na cheti chao wabaki nacho.

Unakumbukwa na mkeo Asnath, watoto wako Damari, Calist na Eliana, mdogo wako Antipasi wa Ihanja, wajukuu zako, jirani yako Hosea, na vijana sita uliowatoa majini. Tutakukumbuka siku zote, Baba, na stoo itakaa wazi.