Matairi ya Mbio Katika Tope la Ihanda

Ihanda, Mbozi,
6 Machi 1956

Mpendwa Mjomba Danford,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta na afya huko Kitwe, wewe pamoja na mkaza mjomba Yunisi, na kwamba kile kifua kilichokusumbua kwa vumbi la mgodi kimetulia.

Sisi tu wazima, isipokuwa mmoja. Mama yangu, dada yako Felista, amevunjika mkono wa kulia. Ndiyo sababu ya kukuandikia, na ninaandika kwa hasira, ingawa nitajitahidi kutumia lugha impasayo mtu aliyehitimu ualimu.

Matairi manne uliyotuletea Krismasi, yale mapana yenye meno mafupi na duara jeupe ubavuni, yalifungwa siku ileile kwenye gari letu la mizigo. Ulisema mbele ya wageni, "Sasa mtakimbia kama Wazungu wa Ndola!" Sikatai kwamba juu ya lami ya huko yanashika barabara hata katika mwendo wa kasi. Hapa udongo mwekundu ukilowa huyajaza yale meno, tairi likawa laini kama chungu, na gari likaenda litakako lenyewe.

Kwenye ghala la kahawa Mzee Osea alimpigia baba kelele: "Kasiani, umemvika ng'ombe viatu vya dansi!" Watu walicheka, na baba akacheka nao. Jumatatu ya juma lililopita, kwenye mteremko wa mtoni, kaka Lwitiko alikanyaga breki. Gari liligeuka ubavu likaingia mtaroni, na mama alikuwa nyuma, juu ya magunia.

Mjomba, kuchagua tairi si kuchagua kitambaa cha suti. Mtu huanza na barabara anayoipita kila siku, kisha mzigo, kisha mvua. Mbio hufikiriwa mwisho. Gari letu halishindani na mtu. Linapeleka kahawa ghalani na wagonjwa hospitali. Linataka tairi jembamba, lenye meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke, na ubavu mnene usiochanwa na mawe. Matairi ya namna hiyo tunayo, yale ya zamani. Yamelala stoo, na meno yake bado yamesimama.

Mbona basi hatujayarudisha? Kwa sababu yako. Baba anashikilia kwamba kitu alichotoa mjomba wa watoto hakivuliwi mpaka mjomba mwenyewe atamke. Nilipomweleza hayo yote alinijibu, "Mwalimu, kafundishe shuleni. Shemeji yangu akisema yatoke, yatatoka." Hata mama, mkono ukiwa umevimba, alisema, "Mwacheni kaka yangu, alitaka tupendeze." Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote: aliyeumia ndiye anayekutetea.

Jumamosi baada ya Pasaka, dada yetu Ruti anaolewa Isongole. Mteremko wa kushukia huko unaujua. Baba ameamuru bibi arusi ashuke kwa gari hilo, juu ya matairi hayohayo, ili wakwe waione zawadi yako. Tafadhali, na neno hili nalitumia kwa heshima tu, andika mstari mmoja kwa mkono wako: "Yavueni." Mpe dereva yeyote wa lori anayevuka Tunduma.

Lisipofika neno lako, Ruti hatapanda. Tumekwisha kukubaliana, yeye nami. Tutashuka kwa miguu, gauni amelikunja mikononi, na wakwe watakapouliza kwa nini bibi arusi amefika na tope hadi magotini ilhali kwao kuna gari, nitawajibu mimi, mbele ya baba, na nitataja jina lako kamili.

Lwitiko anakusalimu, na Ruti pia. Mama anakusalimu sana. Amenikataza kukuandikia habari za mkono wake. Msalimie mkaza mjomba na watoto.

Mungu akulinde huko chini ya ardhi unakofanya kazi, atulinde na sisi juu yake tunakopita.

Ni mimi mpwao, nikupendaye leo kwa shida,
Ezron Kasiani