Mashua ya Christophe-Aimé Haiendi Mbele

Jumatatu, 7 Agosti 2023

Imefika. Juu ya lori kutoka Bukavu, imefungwa kamba kama ng'ombe mgonjwa, na nyuma yake pikipiki zinapiga honi. Mume wangu amekaa mbele na dereva, mkono nje ya dirisha, anawapungia watu wa soko la Kamembe. Niliinama chini ya meza yangu ya vitenge nikajifanya natafuta mkasi.

Mashua ya jeti! Haina panga la kuzunguka majini kama mashua za watu wenye akili. Inavuta maji kwa tumbo na kuyatema kwa nyuma, eti ndivyo inavyokwenda. Nyeupe, mstari mwekundu, viti vya ngozi vimepasuka. Ilibeba watalii baharini huko Mombasa mpaka ikawachosha. Sasa ni yetu. Kila kinachowachosha wengine huishia kwa Christophe-Aimé.

Na haya yote ni kwa sababu ya Nzabonimpa. Mwezi wa tano tulikwenda kisiwani Nkombo kumwombea mtoto wetu Tuyishime mke. Tulitakiwa saa nne asubuhi. Tulifika saa nane mchana, kwa kuwa bwana mkubwa alikuwa anangojea fanfare aliyokodi, tarumbeta mbili na ngoma moja! Nzabonimpa, baba yake huyo msichana, Bella, alikuwa amekwisha kuondoa viti. Alituzungumzisha amesimama mlangoni. Akatupa tarehe ya pili: Jumamosi tarehe 19, saa nne, na baba wa kijana aje mwenyewe kuomba msamaha kabla ya neno lingine lolote. Ya tatu hakuna, alisema. Binti yake si kiazi cha kungojea mteja.

Mtu mwingine angenunua saa. Wangu kanunua mashua.

Jumatano, 9 Agosti

Leo waliishusha majini. Wanaume wa kwaya waliisukuma, wengine na viatu vya kanisani. Christophe-Aimé alivaa kofia ya kapiteni — sijui ameitoa wapi, na sitauliza. Waliigeuza kwa mti mrefu mpaka pua ikatazama ziwa. Injini ikanguruma. Lazima niseme ukweli, ilinguruma vizuri. Akasukuma mkono wa gesi.

Ikarudi nyuma.

Akasukuma zaidi. Ikarudi zaidi! Kwaya nzima ilikimbia, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Mashua ikapanda mchangani kwa makalio na kutulia hapo, na kapiteni wetu bado anatazama mbele, kwenye ziwa, kana kwamba ziwa ndilo limekosea.

Kulikuwa na wanawake wanaofua pale chini. Walicheka mpaka mmoja akapoteza sabuni. Mimi sikucheka. Mimi ndiye nitakayepita sokoni kesho.

Ijumaa, 11 Agosti

Fundi amekuja kutoka Bukavu. Anaitwa Bahizire. Amevaa tai. Fundi gani anavaa tai kuingia chini ya mashua?

Alieleza, na kwa mara moja nilielewa, kwa hiyo si jambo gumu. Nyuma, pale maji yanapotoka, kuna chuma kama kofia. Ikiinuliwa, maji yanaruka nyuma na mashua inakwenda mbele. Ikiteremshwa, inayageuza maji, mashua inarudi. Ya kwetu imeteremka na imekwama hivyo, kama kofia ya mlevi. Basi. Mashua nzima, safari nzima, heshima ya ukoo mzima, imekwamishwa na kofia.

Bahizire alipiga nyundo toka asubuhi. Skurubu moja imekatika shingo. Alifuta uso kwa tai yake, akaniambia bila haya:

"Maman, hii kintu haikufa. Chumvi ya baharini njo ilizifanya zishikane, ile chuma na hii alumini. Zimeowana. Hata divorce hazitaki."

Nikamwambia afadhali hizo zimeoana. Mtoto wangu bado.

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya misa wanaume wote wa parokia walishuka ziwani kutoa maoni. Sijawahi kuona ujinga mwingi hivyo umevaa suti. Mmoja anasema moto. Mmoja anasema barafu. Mmoja, aliyeendesha taxi huko Uvira zamani, anasema mashua imekosa betri. Mume wangu anamsikiliza kila mmoja na kutikisa kichwa, kama waziri anayepokea ripoti.

Dawa ya kulegeza vyuma imekwisha, na duka la vyuma limefungwa kwa kuwa ni Jumapili. Bahizire akanigeukia.

"Maman, haiko na mawese kidogo? Kwetu tunalegezaka nayo kila kintu."

Mawese! Nilipanda nyumbani nikaleta bidoni nzima ya jikoni. Niliileta kwa furaha. Nikawaambia: maharagwe yanateremka nayo vizuri, pengine na akili zenu zitateremka. Walimimina yote. Waliingiza kwenye kofia, kwenye bomba, kwenye kila tundu walilolikuta, kisha wakaivuta mashua mchangani ili dawa ifanye kazi. Mashua ya Wazungu ikanuka kama sufuria ya sombe.

Jumatatu, 14 Agosti

Mawese yameganda.

Bila shaka yameganda! Agosti, upepo wa ziwa, asubuhi ya baridi. Mwanamke yeyote anayejua sufuria anajua. Na mchanga wote wa ufukweni umeingia ndani yake. Sasa si kofia tu: hata bomba linalogeuka kulia na kushoto limekwama. Bahizire alichimba kwa kijiko. Kijiko changu.

Mume wangu alinitazama. Angesema kitu, ningekuwa na la kujibu. Maana bidoni ilitoka jikoni kwangu, na mimi najua mawese kuliko wao wote, na jana nilikuwa najifurahisha mno kuwatukana hata sikufikiri.

Tuyishime alifika kutoka kazini akasimama akiangalia ule uji mwekundu. Ana miaka thelathini na moja. Alikuwa na uso ule ule wa siku aliposhindwa mtihani wa darasa la sita. Nikaacha kucheka.

Jumanne, 15 Agosti

Asomsio, sikukuu ya Bikira Maria. Hakuna kazi. Bahizire ni Mkatoliki wa sikukuu, hagusi spana leo. Christophe-Aimé amerudi kutoka misa na maji ya baraka ndani ya chupa ya Fanta. Ameinyunyizia mashua, pande zote, na akabakiza kidogo kwa ajili ya kofia.

Tuyishime alinifuata jikoni.

"Maman, umwambie Papa twende tu na mashua ya mbao. Bella analia ku simu. Baba yake amesema tusipoonekana, ataondoa mambo yote."

Nikamuuliza kwa nini hamwambii mwenyewe.

"Naogopa kumuvunja moyo."

Ndivyo tulivyomlea huyu mume wangu, mimi na watoto. Kila mtu anaogopa kumvunja moyo. Moyo wake umekuwa kama kikombe cha kioo, nyumba nzima inatembea kwa vidole.

Alhamisi, 17 Agosti

Maji ya moto. Masufuria na masufuria. Nimechemsha mimi mwenyewe, sijamwachia mtu. Mawese yametoka, mchanga umetoka, bomba linageuka tena kulia na kushoto. Kofia — bado. Imekaa pale pale, imeng'aa, imepakwa mafuta, imebarikiwa, na haitingishiki.

Bahizire anasema dawa ni moja: aikate. Anayo mashine ya kukata chuma. Mashua itakwenda mbele, haitarudi nyuma tena, lakini nani anataka kurudi nyuma? Hata mimi nilimwona ana akili kwa dakika moja.

Mume wangu alijitandaza juu ya ile kofia. Mwanaume mzima, kwa tumbo! Eti hawezi kukatakata mashua yake kama mbuzi wa Noeli kabla hata haijafika mahali.

Nimepiga simu. Mashua ya mbao yenye mota itatungojea Jumamosi asubuhi, ile inayobeba akina mama wa Nkombo wakija soko. Tutanuka sambaza, wale dagaa wa ziwani, lakini tutafika.

Ijumaa, 18 Agosti

Nilishuka kumwambia juu ya mashua ya mbao. Nikamkuta majini, peke yake, anafanya mazoezi ya kurudi nyuma. Shingo imepinda kama ya kuku. Akanipigia kelele kutoka kule:

"Maman Tuyishime! Angalia! Kinyumenyume inaenda muzuri sana!"

Nilipanda tena mlima na mashua yangu ya mbao bado mdomoni. Nilikuwa na hasira.

Jumamosi, 19 Agosti

Naandika ndani ya simu. Daftari liko nyumbani na mimi niko katikati ya ziwa. Nikieleza kwa haraka labda nitaelewa nimefikaje hapa.

Asubuhi wote walikuwa tayari. Mzee Anastase, msemaji wetu, na fimbo yake na hotuba yake. Shangazi, zawadi, Tuyishime ndani ya suti ya bluu, mzuri kama baba yake alivyokuwa kabla hajaanza kununua vitu. Wote wakaingia mashua ya mbao. Ikabaki nafasi ya mimi na yeye.

Alisimama kwenye mchanga, suti nyeupe, funguo mkononi.

"Papa Tuyishime, panda," nikamwambia.

"Batu bote ba Nkombo banajua nakuya na jeti. Nitashuka je ku mbao kati ya vikapo?"

Mzee Anastase akamwambia kwa upole kwamba bila yeye hakuna msamaha, na bila msamaha hakuna maneno. Tuyishime alitazama viatu vyake. Dereva wa mota akatazama jua. Na yule mwanaume akakataa! Alikuwa na machozi machoni na akakataa. Akasema watangulie, yuko nyuma yao.

Kwa neno hilo "nyuma", watu wawili walicheka. Aliwasikia. Nilimwona akisikia.

Basi wakaondoka. Niliwaambia waondoke. Mimi mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye mbao, na nikautoa. Mpaka sasa sijui kwa nini. Miaka thelathini na tatu nimemdharau huyu mtu kila siku kabla ya chai, lakini ni dharau yangu mimi, nimeitunza mwenyewe. Wale hawakuwa na haki nayo.

Nilivua viatu, nikakunja mshanana, nguo yangu ya sherehe, nikaingia kwenye jeti yake.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Huwezi kushika usukani na kutazama nyuma. Nitakaa huku. Nitakuambia njia."

Ndivyo tulivyosafiri. Yeye amekaa anatazama Kamembe, mimi nimekaa mkiani natazama Nkombo, maji yananirukia kifuani. Kushoto! Si kushoto hiyo, ingine! Mtumbwi! Ngoja! Endelea! Watu waliokuwa mitumbwini walisimama kutuona. Mmoja alivua kofia kama mazishi yanapita. Sijawahi kuaibika hivyo maishani na sijawahi kupiga kelele vizuri hivyo pia.

Tumepita nusu ya njia. Kisha majani yakaziba tumbo la mashua, taa nyekundu ikawaka, akazima injini. Sasa inapoa. Ameingiza mkono hadi begani akitoa majani, na suti nyeupe si nyeupe tena. Mashua ya mbao imekwisha kufika muda mrefu. Upepo unaleta sauti, lakini si nyimbo. Ni sauti za watu wanaoongea wote pamoja.

Saa nne imepita. Si sana. Imepita.

Sasa mtumbwi umetoka kule ufukweni. Wawili wanapiga kasia, mmoja amesimama katikati, mrefu, amejifunga nguo nyeupe begani. Ni Nzabonimpa. Hakuna mwingine mrefu hivyo Nkombo. Baba wa msichana hatoki kwenda kukutana na wageni, hata watoto wanajua hilo. Anakaa kwenye kiti chake, wageni ndio wanamjia. Sasa huyu anakuja kufanya nini? Kutupokea? Au kuturudisha hapa hapa majini, tusikanyage hata mchanga wake?

Christophe-Aimé amejaribu kunawa mikono. Amejaribu kufunga tai, imemshinda, nimemfungia mimi. Ananuka mafuta na jasho. Amerudi kukaa mahali pake, mikono kwenye usukani, mgongo kwa mtumbwi unaokuja. Hageuki. Sasa hivi angegeuka tu angeona mwenyewe, na hageuki.

"Muzee iko na sura gani?" ameniuliza.

Bado wako mbali. Jua liko nyuma yao, naona mtu mweusi tu na nguo nyeupe.

"Maman Tuyi. Iko na sura gani?"

Nimemwambia anacheka.