Makofi ya Ukurasa wa Arobaini

Kwako mwanangu,

Huku hatujambo. Paa limeacha kuvuja na dada yako kanenepa. Goti langu tu ndilo linalonuna asubuhi.

Jana muuguzi mmoja alileta suruali niipunguze, kakumbatia kile kitabu ulichoandika cha maisha yako. Hakujua mimi ni nani. Nikamwomba anisomee anapopapenda. Akafungua ukurasa wa arobaini, akasoma shoo yako ya kwanza ya kurapu: ulivyosahau ubeti wa pili, ukumbi ukanyamaza, kisha mtu mmoja huko nyuma akapiga makofi, kila kofi na kimlio cha chuma, hadi maneno yakakurudia. Umeandika kuwa hadi leo hujamjua.

“Mama, hapo huwa nalia,” akasema. “Siku hizi mashabiki tunakwenda kwenye shoo na vijiko, tunavigonga kwa heshima yake.”

Nilicheka hadi sindano ikaniponyoka. Ingenichoma kama si kastabini ya chuma kidoleni.

Umeandika pia kwamba niliapa sitatia mguu kwenye muziki wa wahuni. Kweli niliapa. Mdomo wangu hauna breki, unaujua.

Usibadilishe kitabu, baba. Kila shabiki anajiona ndiye yule mtu wa nyuma, waache. Ila wewe ujue tu kwamba siku ile nilitoka cherehani mbio, nikasahau kuvua kastabini, ikawa kila nikipiga kofi inagonga pete ya marehemu baba yako.

Ni mimi mama yako, bado nimesimama palepale nyuma.