Nimuombee Belise kwa Mdomo Wangu Mwenyewe?

Mama Epiphanie mpendwa, mi ni musikilizaji wa kipindi chako cha redio, wa hapa Mbugangari, naandika mutoto akiwa mugongoni na furaha inanisukuma mukono, unisamehe mwandiko. Naomba unisaidie mbele ya Jumapili. Siku ile kanisani watamubariki binti yangu Belise, na kwetu mama wa mutoto ndiye anasimama kumuombea kwa sauti, lakini mi nafasi hiyo nilishaitoa kwa mama Languida, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, sababu niliingia kwa bwana yangu Gatete bila harusi, tulitoroka tu, na tangu siku hiyo sijafungua mdomo mbele ya Mungu, namupa Languida maneno yangu, yeye anayapeleka. Nilijisemea, kijana hajiendei mwenyewe kuomba bibi, anatuma umuranga, mutu wa kumusemea anayejulikana nyumba zote mbili, basi kwa Mungu mukubwa hivi mi nijiendee namna gani!

Bon, juzi Jumatano pasta Védaste akafundisha kwamba Yesu ni Mungu na ni mutu, alisikia njaa, alichoka mpaka akalala mu mutumbwi, alilia rafiki yake alipokufa. Jirani yangu Yasmina akauliza, "Pasta, donc ni nusu-nusu?" Pasta akacheka: "Hapana mama, hii si chai ya maziwa! Ni Mungu muzima, ni mutu muzima, na ndiye peke yake anatupatanisha na Baba." Weee, mama, nilisikia moyo unaruka! Kumbe umuranga wangu iko na mwili kama huu wangu, na kule juu ni kwao! Nikamwambia Languida Jumapili nitaomba mwenyewe. Akanijibu mbele ya watu: "We uliingia kwa bwana kwa dirisha, leo unataka kuingia kwa Mungu kwa mlango?" Wakacheka. Sasa naogopa, na furaha nayo haitaki kuisha. Nisimame ao ninyamaze?

Ni mi, Uwimpuhwe.

Uwimpuhwe binti yangu,

Barua yako imeniinua kitini! Lakini ngoja kwanza nikugombeze. Tangu mtoroke mpaka leo una mtoto mgongoni, hujamwambia Mungu neno hata moja? Belise akikosa, utapenda akutumie jirani?

Mshenga wa kawaida hupeleka maneno, akimaliza anarudi kwake. Yesu hatuachi hivyo, maana kwetu pia ni kwao. Angekuwa mtu tu, angetuhurumia na kubaki chini pamoja nasi. Angekuwa Mungu tu, ungeendelea kumkimbia. Nafasi hiyo ya mpatanishi haikaliwi na Languida, wala pasta, wala mimi. Languida akuombee kando yako, vizuri sana, ila si badala yako. Na usimchukie: alikusemea wakati huna sauti. Kamshukuru kabla ya Jumapili.

Hilo la dirisha usilifiche. Litubu leo, kwa mdomo wako, kisha wewe na Gatete mwende kwa wazazi mkatengeneze ndoa yenu. Hilo litachukua muda wake. Maombi hayalisubiri.

Jumapili, jina la mtoto likiitwa, usitafute kwa macho nani anacheka. Simama. Maneno yakikupotea, mwambie Mungu "Belise" tu, uendelee kutoka hapo.